Mwaka Tuliofungasha Mapema

Harufu ya naftalini hadi leo hunirudisha kwenye baraza ya nyumba yetu ya Gumbo, pembeni mwa Juba. Nasema vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende, ambavyo mama yangu alivitia katika kila mfuko, kila gunia na kila sanduku la bati tulilokuwa nalo, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na nyumba ikawa inauzwa. Nguo zangu zote zilifungwa humo isipokuwa magauni mawili, moja la kuvaa na moja la kufuliwa, na hata hayo mawili yalinukia naftalini. Kila Jumapili mama alifungua mfuko mmoja, akatoa kitambaa chake cha kanisani, kisha akaufunga upya kwa kamba ya nailoni na kukaza fundo kwa meno. Mizigo ilipangwa barazani, mikubwa chini na midogo juu, ikafunikwa turubai la buluu. Ilikaa pale tangu Januari. Mgeni akiingia uani kwetu, kabla hajauona mlango aliliona turubai.

Nyumba yenyewe haikuwa na neno. Baba aliijenga kwa matofali ya kuchoma tuliporudi kutoka uhamishoni Uganda: vyumba viwili na sebule, bati jipya, rakuba ya mianzi mbele ya kukalia kivulini, na nyuma choo cha shimo alichokichimba kwa mikono yake na kukisifu mbele ya wageni kuliko adabu inavyoruhusu. Tulikuwa hatua chache tu kutoka barabara ya Nimule, na malori ya vitunguu na simenti yalipopita vikombe viliitikia kabatini, wakati bado tulikuwa na vikombe kabatini. Baba alikuwa karani wa mizigo bandarini, ng'ambo ya daraja, kule matishari yanakopakia bidhaa za kupeleka kaskazini kwa njia ya mto. Kaka zangu wawili walibaki Adjumani, upande wa Uganda, wakisoma na kuishi na bibi yetu mzaa mama. Sasa miguu ya bibi ilikuwa imemkataa kabisa, akawa anapikiwa na majirani. Hapo ndipo wazazi wangu walipoamua: tuuze Gumbo, mama na mimi tukaishi Adjumani na bibi na wale wavulana, baba apange chumba karibu na bandari na awe anatutembelea sikukuu. Familia nyingi za Juba ziliishi hivyo, na hakuna aliyetushangaa.

Kilichotushinda ni kuuza. Pesa ilikuwa imeadimika mjini, waliokuwa nayo wameificha, na nyumba za kuuzwa zilikuwa nyingi kuliko watu wa kuzinunua. Dalali wetu aliitwa Modi, mwembamba, mwenye viatu visafi ajabu kwa mtu anayeshinda vumbini. Alipoulizwa mnunuzi yuko wapi, alijibu kwa Kiarabu cha Juba, "Bukra," yaani kesho, na kesho yake akasema hivyo hivyo bila aibu. Mama hakuwa mtu wa bukra. Methali yake ya kila siku ilikuwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na alikuwa na haki ya kuipenda, maana maishani mwake alikuwa amehama mara tano, na mara zote tano waliosalimika na vitu vyao walikuwa wale waliofungasha kabla ya wengine. Basi akafungasha. Siku ile ile Modi alipoandika jina letu katika daftari lake, mama alishusha mapazia. Wiki ile akagawa kuku. Sahani zikabaki tatu, sufuria moja, na viti vikafungwa miguu juu, kimoja juu ya kingine. Alituambia kwamba mnunuzi akija na kukuta tuko tayari, hatapata sababu ya kusitasita. Namheshimu sana mama yangu, lakini kwa hili, jamani, alitupoteza.

Shule zilipofunguliwa, sikuandikishwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la tatu, na mama aliona hakuna maana ya kulipia muhula hapa wakati wowote tungeondoka. "Utasoma huko," aliniambia, na kwa wiki mbili za kwanza nilifurahi kama mtoto yeyote angefurahi. Wiki ya tatu furaha ikaisha. Wenzangu walipita mbele ya ua wetu wakiwa na sare na madaftari, wakirudi mchana wakiimba nyimbo ambazo sikuzijua, na mimi nikawa nafagia uwanja. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, kufagia uwanja asubuhi na alasiri ili mnunuzi akija akute safi. Nilifagia mpaka ardhi ikang'aa. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, muhula wa kwanza ukaisha na wa pili ukaanza, nikawa naamka na kitu kizito kifuani nisichokuwa na jina lake. Niliogopa kwamba nitasahau kugawanya. Nilikuwa nikijipa hesabu mwenyewe chini kwa kijiti, halafu nikizifagia kwa sababu uwanja ulitakiwa uwe safi.

Wanunuzi walikuja, siwezi kusema hawakuja. Walikuja mtu na mkewe, wakaipenda nyumba, wakagonga kuta, wakatazama bati, mume akaenda mpaka chooni na baba akapata nafasi ya kueleza urefu wa shimo. Kisha mke akatazama turubai na kuuliza, "Mnasafiri lini?" Mama akajibu kwa fahari, "Hata leo." Walituaga vizuri sana na hatukuwaona tena. Akaja mwalimu mmoja mstaafu, akakaa chini ya rakuba kwenye viti tulivyoazima kwa jirani, maana vyetu vilikuwa vimefungwa. Alipotoka alisimama nyumba ya pili kuuliza habari zetu, na huko akaambiwa kwamba hata viti vile si vyetu. Naye akapotea. Akaja wa tatu, kijana mwenye miwani ya jua, aliyetaja bei ndogo hivi kwamba baba, mtu mpole asiyepandisha sauti, alisimama na kumfungulia lango. Mama akawa anasema nyumba imeingia mkosi. Akaleta katekista akaombea vyumba vyote viwili na sebule, na kwa msisitizo wa baba akaombea na choo.

Halafu akaja Mama Rejina. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mwavuli wa kijani, mwenye mgahawa karibu na bandari, na baba alimfahamu kwa sura kwa sababu alikula maharage yake. Alitaka nyumba ya kumweka dada yake mdogo na watoto. Huyu hakuwa na haraka. Alivua viatu, akatembea vyumbani kwa miguu mitupu kusikia sakafu, akafungua na kufunga kila dirisha, na usoni pake tukaona kwamba amependa. Nilisimama mlangoni na ufagio wangu, nikimwomba Mungu kimoyomoyo, nikimwahidi kwamba nikipelekwa shule sitachezea chaki tena. Mama Rejina akanitazama. Akanitabasamia na kuniuliza lile swali ambalo kila mtu mzima humuuliza mtoto pale anapokosa la kumwuliza: "Wewe mrembo, uko darasa la ngapi?"

Nikasema, "Sisomi. Tunaondoka."

Tabasamu lilimtoka. Alimtazama mama, akatazama turubai, akatazama uwanja usio na hata shina moja la bamia wakati mvua zilikuwa zimeshakolea na Gumbo nzima ilikuwa ya kijani. Akavaa viatu vyake. Akasema atafikiria, akafungua mwavuli na kwenda zake. Nilijua kwamba mimi ndiye niliyeifukuza ile bahati, ingawa sikujua kwa nini, na nikaenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka kwikwi zikanishika. Mama hakunipiga wala hakunigombeza. Alikaa juu ya gunia moja barazani, mikono mapajani, na hilo liliniumiza zaidi.

Aliyetutoa gizani ni Nalongo, jirani yetu Mganda aliyetuazima viti, ambaye wenzake walimwita hivyo kwa kuwa alizaa pacha. Aliuza maharage na unga sokoni Custom, na meza yake ilikuwa karibu na mahali Modi na madalali wenzake walipokunywa chai, kwa hiyo habari za nyumba za mji mzima zilimfikia kabla hazijapoa. Jioni ya siku ya pili alikuja kuchukua viti vyake, akasimama na kiti kimoja mkononi, akamwita mama kwa jina langu kama kawaida ya mtaa wetu, maana kaka zangu hawakuwajua. "Mama Kiden, usikasirike na mimi," alisema. "Kule Custom watu nasema nyinyi nakimbia. Nyumba iko mzuri, hakuna mtu nakataa. Lakini mtu naingia, naona mizigo nafungwa, viti ya kuazima, shamba hakuna, mtoto hasomi. Sasa yeye najiuliza, hawa watu najua kitu gani mimi sijui?"

Mama alikasirika hata hivyo. Alisema yeye ni mtu aliyejipanga, na kama watu wa Custom hawamjui mtu aliyejipanga, shauri yao. Lakini Nalongo aliendelea kuhesabu kwa vidole yale aliyoyasikia: kwamba kiwanja kina kesi, kwamba mwenyewe halisi amerudi kutoka Khartoum na hati zake, kwamba baba amechezea mizigo ya bandarini na anatafutwa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ndivyo watu wanavyoamini, na sisi wenyewe ndio tuliowapa la kusema. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyumba yetu nzuri tulikuwa tumeivika sura ya kibaya, tena kwa bidii. Nalongo aliondoka na viti vyake vinne, viwili kila mkono, na baba, aliyekuwa akila muda wote ule, akasukuma sahani.

"Kiden anakwenda shule kesho," alisema.

Mama akauliza, "Na mnunuzi akija keshokutwa?"

"Mwambie mtoto hayupo, yuko darasani."

Sikulala vizuri kwa furaha, na asubuhi nikagundua kwamba mambo si mepesi. Mwalimu mkuu alikubali kunipokea darasa la nne ingawa nilikuwa nimekosa muhula mzima na ushei, lakini bila sare hakuna kuingia. Mama alikuwa fundi cherehani, sare kwake si kitu. Tatizo ni kwamba cherehani ilikuwa katika sanduku la bati, imezungushiwa blanketi, na sanduku la bati lilikuwa chini kabisa ya mizigo yote. Ilibidi turubai liondoke. Ikabidi mifuko ishuke mmoja mmoja, magunia yaburutwe, mafundo yale ya kukaza kwa meno yafunguliwe, mengine yakakataa mama akayakata kwa kisu huku akinung'unika. Ilipofika saa sita baraza nzima ilikuwa imetapakaa vitu vyetu: vikombe, mapazia, picha ya arusi ya wazazi wangu, sufuria ambayo nilikuwa nimesahau kwamba tunayo. Mama alisimama katikati akavitazama. Kisha akasema kwamba kwa kuwa vimeshatoka, ni ujinga kuvirudisha leo, na akaninyooshea vikombe nikavioshe.

Sijui kama kuna siku nyumba ile ilipendeza kuliko ile. Alishona sare yangu mchana ule ule, sketi ya buluu yenye pindo kubwa la kukulia, na jirani mmoja aliyesikia mlio wa cherehani akaja na kitambaa cha kushonewa gauni, kesho yake wakaja wawili. Mapazia yakarudi. Mama akaazima jembe kwa Nalongo, akalima ule uwanja niliokuwa nimeufagia miezi mitano, akapanda bamia, mlenda na mistari minne ya karanga, akiniambia kwamba amepanda ili kuwafunga midomo watu wa Custom. Lakini nilimwona jioni akizunguka kutazama kama zimechipua. Na mimi nilikuwa darasani, nyuma kabisa, nikinakili madaftari ya wengine mpaka vidole vinakauka, na kugawanya sikuwa nimekusahau. Kile kitu kizito kifuani kiliondoka bila kuaga. Niligundua tu siku moja nikirudi nyumbani nikiimba.

Mama Rejina alirudi mwenyewe, bila Modi, mwezi wa nane mwishoni. Alimkuta mama chini ya rakuba kwenye cherehani, wanawake watatu wakingoja nguo zao, na mimi nimekaa juu ya kinu kilichogeuzwa nikifanya kazi ya nyumbani. Akanisogelea na kuuliza lile lile swali, na safari hii nikajibu darasa la nne, nikaongeza na jina la mwalimu bila kuulizwa. Akaenda shambani, akang'oa shina moja la karanga bila ruhusa, akakung'uta udongo na kutafuna mbichi. Kisha akamwambia mama kwamba anaitaka nyumba, lakini anaitaka mwezi huu, dada yake yuko njiani anakuja.

Nilimtazama mama. Miezi minane alikuwa akiingojea sentensi hiyo. Alikuwa na mama yake kule Adjumani asiyeweza kunyanyuka kitandani bila kushikwa, na wanawe wawili wakipikiwa na watu. Angesema ndiyo, mimi mwenyewe ningeelewa, na mwaka wangu ungekwenda na maji. Alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi. "Mtoto anamaliza mwaka mwezi wa kumi na mbili," alisema. "Kabla ya hapo sitoki." Mimi nilishika penseli kwa mikono miwili.

Mama Rejina alicheka mpaka mwavuli ukamdondoka. "Sasa nanunua," alisema. "Mimi nimekimbia mara mbili, nayajua mafundo ya mtu anayekimbia, na siku ile niliyaona hapa. Anayefukuzwa haweki masharti." Dada yake, akasema, atakaa naye mgahawani hadi tuondoke. Hati ziliandikwa mbele ya chifu wa eneo na mashahidi, Nalongo akiwa mmoja wao, amevaa gauni lake la gomesi kana kwamba anaolewa. Baba alimpeleka Mama Rejina nyuma ya nyumba kumwonyesha choo kwa mara ya mwisho. Mama aliingia chumbani, akafunga mlango, na kupitia ukuta nikamsikia akivuta pumzi ndefu, moja, halafu nyingine, kama mtu aliyefika mlimani na kutua mzigo. Septemba bibi aliletewa mjukuu wa kike wa dada yake wa kumshika mkono, na akatutumia ujumbe kwamba tusifanye haraka, yeye hafi kabla hajaniona na cheti. Desemba nilipata cheti. Nilikuwa wa ishirini na tisa katika darasa la watoto arobaini, na mama alikitembeza mtaani kama nimekuwa wa kwanza. Kwa barua ya uhamisho kutoka shule ya Gumbo nilipokelewa Adjumani darasa la tano, bila kurudishwa hata hatua moja.

Leo mimi ni mtu mzima, nauza vipuri vya pikipiki Custom, na mambo yamebadilika. Gumbo imejaa hadi barabarani, na madalali siku hizi hawavai viatu visafi kwa sababu hawatembei, wanazungusha picha za nyumba kwenye simu na kungoja vidole vya watu. Bukra haijabadilika. Mume wangu amehamishiwa kazi Torit, sisi nasi tumeiweka nyumba yetu sokoni, na soko limelala fofofo kama lilivyolala enzi za wazazi wangu. Huu ni mwezi wa tano tangu tuiweke, na hakuna aliyetaja bei ya maana. Zamani ningekosa usingizi. Nimeshangaa kuona kwamba nalala, nakula, napika kwenye sufuria zote.

Juzi mama alinipigia simu kutoka Adjumani. Ni mzee sasa, na simu huishikilia mbali na sikio kwa hiyo hupiga kelele. Nilidhani ataniuliza kwanza habari za nyumba, na nilikuwa nimejiandaa kumweleza hali ya soko. Aliuliza kama binti yangu, Poni, ameanza shule.

Nikamwambia ameanza, tangu siku ya kwanza, na ana kiti cha mbele.

Akauliza, "Na mnunuzi?"

Nikasema bado.

"Atangoja," alisema mama yangu, na akaendelea kunieleza habari za mvua.